Medali ya Shangazi

Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na kazi hiyo, ukiacha magoti mabovu na hasira za karibu, imeniachia ujuzi mmoja tu: nasoma maandishi ambayo binadamu mwingine hawezi kuyasoma. Nipe S iliyogeuzwa, N iliyolala chali, A iliyosahauliwa mstari wa katikati, E ambayo mtoto ameichoka njiani akaiacha ikiwa C, nitakusomea bila hata kutafuta miwani. Walimu wenzangu wa darasa la saba walikuwa wakinicheka na kusema mimi na wanafunzi wangu tuna lugha yetu. Nilipostaafu waliniaga kwa simu kubwa ya kupangusa na khanga doti moja, nikarudi nyumbani kwangu Iyunga, Mbeya, nikijua kabisa kwamba ujuzi ule nimeuzika.

Mwezi wa tatu baada ya kustaafu, Shangazi akanipigia kutoka Iringa. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na akipiga simu huongea kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Huwa naiweka simu mezani na kukaa mbali nayo kidogo.

"Mwalimu!" akapiga kelele. "Paroko anataka kuninyang'anya mtakatifu wangu!"

Hapo inabidi nieleze. Kwetu Iringa, Wakatoliki wa mtaa mmoja huunda jumuiya, kaya kumi au kumi na tano zinazosali pamoja kwa zamu, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Kila jumuiya ina somo wake, yaani mtakatifu anayeisimamia, mwenye jina lake na siku yake ya sherehe. Jumuiya ya jirani ina mtakatifu anayejulikana dunia nzima, ana sanamu na wimbo. Sisi tulikuwa na Mtakatifu wa Medali. Hilo ndilo lilikuwa jina lake lote. Alikuwa mdogo kuliko kifungo cha shati, wa dhahabu iliyopauka, na alining'inia shingoni kwa Shangazi kwa uzi mweusi. Upande mmoja alikuwa na uso, upande wa pili msalaba, na pande zote mbili alizungukwa na maandishi ambayo hakuna aliyewahi kuyaelewa.

Shangazi alipewa medali hiyo akiwa msichana. Alikuwa akifua nguo pale misheni, na sista mmoja mzee wa Kizungu alipokuwa anarudi kwao kufa, alifungua kopo lake la sindano na nyuzi, akakitoa kitu kile kikiwa na kipete chake cha kuning'inizia, akamwekea mkononi, akamkumbatia na kupanda gari. Hakusema ni nini. Shangazi naye hakuuliza. Kitu kidogo chenye uso upande huu na msalaba upande ule, kinachotoka mkononi mwa sista, kingekuwa nini kingine?

Mwaka uliofuata nikaugua surua. Nilikuwa na miaka minne, na watu walikuwa wameshaanza kuulizana ni fundi gani anatengeneza majeneza madogo. Shangazi aliniwekea medali kifuani, akakaa nami siku tatu, nikapona. Tangu hapo medali ikawa haina mapumziko. Iliazimwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, na wenye pumu, na mzee mmoja mwenye ngiri, na wote walirudi wakiwa wazima au angalau wakiwa hai. Mimi ndiye muujiza namba moja. Kila sherehe ya somo, hata nilipokuwa mwalimu mkuu msaidizi mwenye wajukuu, niliitwa nisimame mbele za watu, na mtu akanyoosha kidole: "Yule pale, mtoto wa surua."

Sherehe yenyewe ilifanywa Jumamosi ya kwanza baada ya kuvuna maharage, kwa kuwa mtakatifu asiyejulikana siku yake hawezi kulalamika. Kulikuwa na tatizo dogo la kutojua kama ni mwanamume au mwanamke, maana hakuwa na ndevu na kichwani alikuwa na kitu kama mkufu wa shanga. Wanaume walimwita Baba, wanawake wakamwita Mama, na kwenye litania, ile sala ya kuitikiana, kila upande ulijaribu kuuzidi mwingine kwa sauti. Tuliishi hivyo kwa amani miaka mingi.

Kisha akaja paroko mpya, padri kijana mwembamba mwenye miwani na daftari, akaagiza kila jumuiya iandikishe somo wake kwa jina kamili na tarehe ya sikukuu. Alipofika kwetu akapekua kalenda yake mara mbili. Akasema, kwa upole wa watu waliosoma, kwamba atarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama kufikia siku hiyo jina halijapatikana, jumuiya itapewa mtakatifu mwingine na medali itawekwa kabatini ofisini kwake.

"Mimi nina miaka themanini na kitu," Shangazi alisema kwenye simu. "Nilitaka nizikwe nayo. Nikizikwa bila yeye, nitafika kule nimwambie nani kwamba tunafahamiana?"

Nikamwambia ampe mtu aipige picha anitumie. Akasema katibu amekataa, kwamba picha ni nakala na jumuiya haishughuliki na nakala. Watakuja Mbeya wenyewe.

Katibu wa jumuiya alikuwa mzee aliyestaafu kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Mtu huyo aliipenda karatasi kuliko chakula. Ukimpa barua huishika kwanza kwenye mwanga, anaipapasa pembe, anaisikiliza ikikunjwa, ndipo anaisoma. Kila jambo aliliandikia muhtasari. Walipofika kwangu alinisomea muhtasari wa safari kabla hajakaa, nami nakumbuka sehemu moja: "Msafara uliteremka Igawa kwa dakika kumi. Wajumbe walinunua vitunguu. Medali ilibaki shingoni."

"Kamwene, Shangazi," nikasema.

"Kamwene, mwanangu. Kwanza msome huyu, chai baadaye."

Nikatandika kitambaa cheusi mezani, karibu na dirisha. Shangazi akakataa kuuvua uzi shingoni, kwa hiyo medali ililala mezani na yeye akaiinamia kama mtu anayenyolewa, kichwa chake kikiniziba mwanga. Katibu akaandika: "Saa nne na robo, uchunguzi umeanza."

Nilianza na uso. Jicho lilikuwa duara lenye nukta katikati. Pua ilikuwa pembetatu. Kidevu hakikuwepo. Nywele zilikuwa mistari, na juu yake mkanda wa vidoti. Nimeusahihisha mchoro huo mara elfu: ni "Baba Yangu", kazi ya darasa la kwanza, muhula wa pili.

Halafu nikayatazama maandishi, na hapo, lazima niseme ukweli, moyo ulinienda mbio kwa furaha. S ilikuwa imelala. N imegeuzwa. A haikuwa na mstari wa katikati. O ilikuwa na kona nne, kama zile za mtoto anayeogopa kuzungusha kalamu. Nilikuwa kama mtu aliyestaafu mpira halafu akaona mpira unamjia mguuni.

Shida ya maneno yaliyoandikwa kwa kuzunguka ni kwamba hujui yanaanzia wapi. Lakini juu ya kichwa kulikuwa na kijisalaba kidogo kati ya herufi, na mtu hawezi kuweka alama mahali kama pale bila kukusudia kusema anza hapa. Nikaanza pale. Upande wa uso ukasomeka: jina la mahali. Upande wa msalaba ukagoma mpaka nilipoleta kioo changu cha poda. Aliyechonga muhuri wa kuigongea alisahau kwamba ukichonga hivi, ukigonga inatoka vile. Watoto wangu walifanya kosa hilo hilo kila mwaka tulipochonga mihuri ya viazi. Kwenye kioo likatokea jina la mtu, jina la kiume, na baada yake herufi mbili tatu za ziada ambazo sikuzielewa.

Nina ubao mdogo niliohama nao kutoka shuleni. Nikaliandika jina kwa chaki, herufi kubwa, kama ninavyoandika kila kitu. Sitaliandika hapa, kwa sababu ambayo itaeleweka mwishoni. Shangazi hakwenda shule hata siku moja. Aliinua kichwa, medali ikarudi kifuani, akautazama ubao muda mrefu.

"Ndiye?"

"Ndiye."

"Lisome."

Nikalisoma. Lilikuwa jina gumu, la makoo ya watu wengine.

"Ana jina," akasema Shangazi, akaanza kulia. "Miaka yote hiyo namwita we, we, we. Kumbe ana jina."

Alinifanya nilirudie mpaka akaliweza. Alilisema akinywa chai, alilisema akimenya viazi. Katibu akaandika kwamba hoja ya Mama imeanguka.

Jina lilikuwepo, mtakatifu ndiye hakuwepo. Nilipekua orodha za watakatifu kwenye simu mpaka kidole kikauma, sikumwona. Kesho yake tukaenda mjini kwa sonara, mzee ambaye watu wake walitoka pwani zamani na ambaye alinitengenezea pete ya ndoa. Siku zote anapimia watu dhahabu ya Chunya. Shangazi alikubali kuivua medali kwa sharti kwamba aushike uzi. Sonara akaiweka kwenye mizani yake ndogo, uzi ukanyanyuliwa ili usiongeze kitu, na sote tukazuia pumzi.

"Gramu moja na pointi tatu," akasema. Akaigeuza kwa kibano. "Dhahabu yake imetiwa fedha, ndiyo maana imepauka. Na hiki kipete kimebandikwa baadaye, na mtu mwingine. Ngoja." Akavaa lenzi jichoni. "Mwalimu, angalia ukingo. Umekatwa kidogo hapa, na hapa. Alikuwa anautafuta uzito."

"Kwa hiyo?"

"Mtengeneza medali hana habari na uzito. Akizidisha, akipunguza, shauri yake. Huyu alikuwa na habari na uzito." Akavua lenzi, akamtazama Shangazi kwa huruma ya kweli. "Mama, samahani. Mimi na watakatifu wenu hatufahamiani, lakini hii ni hela."

"Hela gani ina msalaba?" Shangazi akafoka.

"Sijui. Lakini nyie Wanyalukolo wa Iringa mmekuwa mkiiombea hela."

Shangazi akaivuta medali kwa uzi wake, akaivaa, akatoka nje. Barabarani alisema sonara huona hela kila mahali kwa sababu ndiyo kazi yake, kama muuza majeneza anavyomtazama mtu na kumpima urefu. Jumatano akapanda basi kurudi Iringa na katibu wake, na mimi nikabaki na picha.

Niliziweka picha kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wanaopenda sarafu za kale. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha chuo cha ualimu kwamba mimi ni mstaafu, huyu ni mtakatifu wetu, maandishi nimeshayasoma, nisaidiwe kumjua. Haikupita saa moja akanijibu mzee mmoja wa Ulaya, daktari wa meno mstaafu. Hakunisalimu. Aliuliza: nimewezaje kuusoma upande wa msalaba?

Yeye ndiye aliyenifungua macho. Medali ya Shangazi ilikuwa sarafu ya dhahabu ya Wafaranki, watu walioshika sehemu kubwa ya Ulaya baada ya Warumi kuishiwa nguvu, miaka elfu moja na mia tatu iliyopita au zaidi kidogo. Wakati huo wafalme wengi hawakujisumbua kuweka majina yao kwenye dhahabu. Aliyeweka jina alikuwa fundi aliyeigonga, pamoja na jina la mji wake, ili dhahabu ikiwa mbaya watu wajue waende mlangoni kwa nani, kama wachoma matofali wetu wanavyobonyeza herufi zao kwenye udongo mbichi. Zile herufi za ziada baada ya jina zilikuwa kazi yake tu: fundi sarafu. Na uso? Uso haukuwa mtu. Ulikuwa nakala ya nakala ya nakala ya mfalme wa Kirumi, iliyochorwa na watu ambao hawakuwahi kumwona wala kumjua.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka jirani akabisha hodi. Baba na Mama, litania, maharage, ngiri. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilimkumbuka Shangazi akimenya viazi na kulitaja lile jina.

Nisiseme uongo, kuna jambo lilinipa kichwa pia. Daktari wa meno alikuwa na sarafu mbili zilizomshinda kwa miaka, akanitumia picha, nikamsomea zote mbili nikiwa nasubiri maharage yaive. Moja aliyeichonga alianza vizuri, akaishiwa nafasi, akabana herufi tatu za mwisho pembeni, kosa la kila mtoto duniani. Mzee akawaambia wenzake. Kwa wiki mbili nikawa nasomea watu wa Ulaya dhahabu zao nikiwa Iyunga, malori ya Tunduma yakitikisa madirisha. Wengine waliniita profesa. Mwingine aliuliza nimesomea wapi, nikamjibu kwa ukweli kabisa: darasa la kwanza.

Ni huyo huyo daktari aliyenitia majaribuni, bila kujua. Alinisimulia kwamba mmoja kati ya mafundi dhahabu wa wafalme wale, mtu aliyegonga sarafu kama ya kwetu, baadaye akawa askofu, na baada ya kufa akatangazwa mtakatifu. Jina lake limo kwenye kalenda na ana sikukuu yake mwezi wa kumi na mbili. Nikamuuliza kama anaweza kuwa huyu wetu. Akasema hapana, jina ni lingine, mji ni mwingine, wewe mwenyewe umesoma.

Nilifanya kosa la kumwambia katibu.

"Mwalimu," akasema kwenye simu, na nilisikia karatasi zikigeuzwa, "kazi moja, nchi moja, zama zile zile. Tofauti ni jina tu. Nani Iringa hii atajua kusoma kitu kile?"

"Mimi."

"Ndiyo maana nakupigia wewe."

Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kumpa mtoto vema kwa jibu lisilo sahihi. Mzazi mmoja aliniletea jogoo, nikamrudishia jogoo na kosa la mwanawe likabaki kosa. Lakini kwenye basi la kwenda Iringa niliifikiria shingo ya Shangazi ikiwa tupu, na kufika Igawa nilikuwa nimeshaamua.

Jumamosi jumuiya ilikutana nyumbani kwa Shangazi. Walijaa sebuleni na wengine wakabaki barazani, wagonjwa wote wa zamani, wazima kabisa. Shangazi alivaa gauni lake la Pasaka. Paroko alikaa kwenye kiti pekee chenye mto, daftari magotini, na baada ya sala akaniambia: "Haya, Mwalimu. Tumsikie somo wetu."

Nikasimama. Nilikuwa nimeubeba ubao mdogo ili nionekane wa maana. Nikaeleza habari za Wafaranki, na za mafundi dhahabu, na za fundi yule aliyekuja kuwa askofu na mtakatifu. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, jambo lililonishangaza. Nikaugeukia ubao, nikaandika jina lake kwa herufi kubwa, nikalisoma. Watu wakapiga makofi. Katibu alikuwa ameinama akiandika haraka kama mtu anayekimbizwa na mvua.

"Si hilo," akasema Shangazi.

Makofi yakafa moja moja.

"Jina lake ulinifundisha mwenyewe. Refu kuliko hilo, na linaishia na mdomo wazi." Akalitamka, sawasawa, kila kipande mahali pake. Akanyoosha kidole ubaoni. "Futa."

"Shangazi..."

"Futa hiyo, Mwalimu."

Nimewaambia neno hilo watoto wasiohesabika. Sikujua linaingia wapi mwilini. Nikafuta kwa kiganja, kwa sababu sikuwa na kitambaa, na mkono wangu mweupe wa chaki ukabaki umening'inia hapo wakati naeleza ukweli wote: kwamba ni sarafu, kwamba uso si mtu, kwamba jina ni la fundi aliyeigonga na hakuna anayejua habari yake nyingine yoyote.

Mzee wa ngiri akasimama.

"Kwa hiyo ngiri yangu ilitibiwa na fundi?"

"Ilipona haikupona?" akauliza Shangazi.

"Ilipona."

"Basi kaa chini."

Katibu akauliza kwa unyonge aandike nini. Paroko alivua miwani, akaipangusa na kanzu, akaivaa tena. Nadhani hakufurahi kuwa sahihi. Akasema jumuiya itapewa yule fundi mtakatifu wa mwezi wa kumi na mbili, kwa heshima ya historia hii, na sarafu itunzwe kabatini kwa kuwa ni kitu cha kale na cha thamani. Shangazi hakulia. Alikuwa ameishika sarafu kwa vidole viwili, anaitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake wa miaka mingi ana jina lingine.

"Baba Paroko," akasema. "Huyu fundi alibatizwa?"

"Ameweka msalaba kwenye kazi yake, Bibi. Nafikiri ndiyo."

"Na amekufa."

"Amekufa zamani sana."

"Na mtakatifu siyo."

"Hatuna sababu ya kumwita mtakatifu."

"Basi ni marehemu," akasema Shangazi. "Nani anamwombea?"

Paroko akafunga daftari lake. Shangazi akamwomba amwachie sarafu mpaka Jumatatu, naye akakubali.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza ofisini. Kwetu, ukitaka marehemu wako aombewe kwenye misa ya Jumapili, unakwenda na bahasha ya nia ya misa, ndani una sadaka yako, na paroko anaandika kwenye kitabu kikubwa. Shangazi alikuwa ameniagiza niliandike jina juu ya bahasha kwa herufi kubwa, zisizo na kona, ili mtu asikosee.

Paroko akaitazama bahasha, akanitazama mimi. Nikatazama kabati.

"Bibi, kitabu kinauliza amefariki lini."

"Andika zamani."

"Uhusiano wako na marehemu?"

Shangazi akafikiri. Mimi nilitegemea atasema rafiki, au ndugu katika Kristo.

"Fundi wetu," akasema.

Paroko akaandika. Kisha Shangazi akauleta uzi mweusi mdomoni, akaukata kwa meno aliyobakiza, akaitoa sarafu na kuitumbukiza kwenye bahasha.

"Bibi, hiyo ni dhahabu!"

"Ni hela. Sonara amesema, Mwalimu amesema. Aliitengeneza mwenyewe ili itumike, mimi nikaja nikamkalia nayo shingoni miaka yote. Nilimwomba watoto wa watu wapone, wanawake wajifungue salama, mvua inyeshe. Hakuna siku nimemuuliza yeye anataka nini." Akalamba gundi ya bahasha, akaibandika, akaisukuma mezani. "Imlipie misa yake."

Paroko aliishika bahasha kwa mikono miwili, hajui aiweke wapi.

Jumapili tulikaa benchi la tatu, mimi, Shangazi, na jumuiya nzima nyuma yetu. Katibu alikuja na karatasi mpya kabisa. Paroko alisoma majina ya marehemu kutoka kwenye kitabu: bibi wa mtaa wa juu, baba wa mapacha, kijana aliyegongwa na pikipiki. Alipofika kwa fundi wetu alisimama kidogo. Kisha akalisoma lile jina taratibu, lote, akiishia na mdomo wazi. Ndiyo maana siliandiki. Nataka libaki limesomwa mara hiyo moja, kwa sauti, pale, kati ya watu wetu.

Kanisa likaitikia, likamwombea raha ya milele. Mzee wa ngiri aliitikia kuliko wote. Wanawake waliojifungua na sarafu mkononi waliitikia. Mimi machozi yalinitoka kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, sauti haitoki. Mkono wa Shangazi ulipanda shingoni kutafuta, haukukuta kitu, ukashuka ukanishika mimi.

"Itikia, we mwana," akaninong'oneza kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, kanisa zima likasikia. "Wewe alikuponya surua."

Nikaitikia.